Usiitupe laptopu yako: Matengenezo unayoweza kuyafanya mwenyewe kwa pesa kidogo

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi wa huku Pwani hukabiliwa na tatizo lile lile. Mtoto anataka laptopu, na pesa za laptopu hazipo. Iliyoko nyumbani ni ile aliyoacha kaka yake: huchukua dakika kumi kuwaka, huzimika ukichomoa chaja, na feni yake hunguruma kama mashine ya kusaga unga. Fundi ameitazama mara moja na kusema, "Hii imekufa, tafuteni nyingine." Na kwa kuwa nyumbani hakuna anayejua la kumjibu, familia inaingia kwenye mkopo.

Kwa maoni yangu, laptopu nyingi zinazoitwa maiti huku kwetu bado zina uhai. Zinaugua maradhi manne ya kawaida: uchafu na kutu, diski iliyochoka, RAM isiyotosha, na betri iliyokwisha. Yote manne yanatibika juu ya meza ya nyumbani, kwa bisibisi na subira. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: pima kwanza, safisha pili, nunua mwisho. Wengi wetu huanza na kununua, ndipo pesa hupotea.

Mimi si fundi wa kazi. Nafundisha sekondari, na makala haya nayaandika kwa ThinkPad T450, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 2015 na kufika Mombasa kama mtumba. Nimeibadilisha diski, RAM na betri kwa mikono yangu. Gharama ilikuwa hivi: SSD ya GB 256 shilingi 3,200, RAM ya GB 8 shilingi 2,500, betri shilingi 3,000, na pesti ya joto shilingi 300. Jumla ni shilingi 9,000. Mtumba mwingine wa rika lake, nilioulizia siku hizo hizo, nilitajiwa shilingi 22,000, na huo ungekuja na betri kuukuu vile vile.

Kwa nini laptopu za Pwani huchoka mapema

Hewa yetu ina vitu viwili ambavyo vyuma vya umeme havivipendi: unyevu na chumvi. Anayeishi Likoni, Nyali, Kilifi au Lamu anajua jinsi bawaba za milango na mabati yanavyoshika kutu. Ndani ya laptopu mambo ni hayo hayo, ila hatuyaoni. Miguu midogo ya shaba na dhahabu inayounganisha RAM na ubao mama hushika utando mwembamba, umeme ukakosa kupita vizuri, na mashine ikakataa kuwaka.

La pili ni joto. Wakati wa kaskazi, chumba kisicho na feni kinaweza kufika nyuzi 32 hata kabla hujawasha chochote. Laptopu hujipoza kwa kuvuta hewa ya chumbani, kwa hiyo ikivuta hewa ya moto, hupoza kidogo. Ukiongeza vumbi lililoziba matundu, mashine hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mwenye nayo husema "imezeeka", kumbe imekosa pumzi.

La tatu ni stima. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chaja ndiyo hupokea pigo la kwanza. Kile kifaa cha kulinda friji au televisheni tunachochomeka ukutani kinaifaa laptopu pia, na ni rahisi kuliko chaja mpya.

Kitu kimoja zaidi: laptopu iliyofungiwa kabatini miezi mitatu ya masika huharibika upesi kuliko inayotumika kila siku. Joto lake la kazi huikausha. Kama huitumii, iwashe walau mara moja kwa wiki, na uiweke pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Pima kabla ya kufungua

Ikiwa laptopu inawaka lakini ni nzito, usishike bisibisi kwanza. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kazi ya mashine. Fungua kurasa kama kumi za intaneti na faili moja ya kuandikia, halafu tazama namba.

Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku wewe hufanyi kitu kikubwa, diski ndiyo kizuizi. Kumbukumbu ikipita asilimia 85, RAM haitoshi. Kichakataji kikifika asilimia 100 bila sababu, tafuta programu inayokula nguvu, au kirusi. Na ikiwa namba zote ziko chini lakini mashine ina moto na feni inapiga kelele, shida ni vumbi na pesti iliyokauka.

Dirisha hilo hilo, kwenye sehemu ya kumbukumbu, hukuambia nafasi za RAM ziko ngapi na ngapi zina kitu. Ukiona imetumika moja kati ya mbili, una bahati: utaongeza bila kutoa iliyopo.

Afya ya diski ipime kwa programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Husoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiwekea na kukupa hukumu kwa rangi. Ikiwa ni ya njano au nyekundu, hamisha faili zako leo, si kesho.

Betri nayo ina cheti chake. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utapata ripoti yenye namba mbili muhimu: uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na uwezo ilionao sasa. Ikiwa ya pili imeshuka chini ya nusu ya ya kwanza, ujue kwa nini chaja haiachani nawe.

Na ikiwa haiwaki kabisa?

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi, kwa sababu neno "madabodi" likishatajwa, mazungumzo huwa yamekwisha. Kabla hujakubali kwamba ubao mama umekufa, fanya majaribio manne.

Kwanza, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Hii humwaga umeme uliobaki ndani. Rudisha chaja pekee na ujaribu tena. Pili, azima chaja nyingine yenye volti zile zile na wati zisizopungua za kwako. Tatu, kama taa zinawaka lakini kioo ni cheusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI, au na skrini nyingine kwa VGA. Picha ikitokea huko, ubao mama ni mzima; kilichoharibika ni kioo au waya wake. Nne, fungua, toa RAM, safisha miguu yake, irudishe.

Binti wa jirani yangu, anayesomea ualimu, alikuja kwangu mwaka wake wa mwisho akiwa karibu kulia. "Shikamoo mwalimu. Wameniambia madabodi imekufa, ni elfu kumi na tano, na mradi wangu wote umo humo." Nilimwambia akae tunywe chai kwanza. Tulifanya majaribio yale kwa zamu. La nne ndilo lililojibu: RAM ilikuwa na utando wa kijani kwenye miguu. Tuliifuta, tukaikausha, tukairudisha, na laptopu ikawaka. Kazi ya kwanza tuliyoifanya haikuwa kushangilia. Ilikuwa kunakili ule mradi kwenye flashi mbili.

Sisemi mafundi ni wezi. Fundi hodari ni hazina, na kuna kazi ambazo wewe na mimi hatuziwezi. Lakini fundi mzuri hukuonyesha kilichoharibika na kukurudishia kipuri cha zamani bila kununa. Mwambie kwa adabu, "Fundi, naomba unionyeshe." Asiyetaka kuonyesha, chukua mashine yako na umshukuru.

Vifaa na tahadhari

Huhitaji karakana. Tafuta seti ndogo ya bisibisi za simu na laptopu, brashi laini ya rangi au mswaki mpya, kifutio cheupe laini, kadi ya plastiki isiyotumika, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi ya kuwashia jiko isikaribie mashine. Chukua pia trei ya mayai: kila kishimo kitabeba skurubu za sehemu moja, na uandike namba kwa kalamu. Skurubu za laptopu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia pa fupi inaweza kutoboa ubao.

Kabla ya lolote, nakili faili zako nje. Kisha tafuta mwongozo wa matengenezo wa mashine yako. Lenovo, Dell na HP hutoa miongozo hiyo bure kwenye tovuti zao, yenye michoro ya kila skurubu. Andika jina kamili la modeli, lile lililo chini ya laptopu, pamoja na maneno ya kutafuta mwongozo wa huduma. Tovuti ya iFixit nayo ina picha za hatua kwa hatua za mashine nyingi.

Zima mashine kabisa na uchomoe chaja. Ikiwa betri iko ndani, kazi ya kwanza baada ya kuondoa kifuniko ni kuchomoa waya wa betri. Kwenye ThinkPad kama yangu, yenye betri mbili, unaingia kwanza kwenye mipangilio ya BIOS kwa kubonyeza F1 wakati inawaka, unaenda Config, kisha Power, na kuizima betri ya ndani kabla ya kufungua. Umeme tuli wa mwilini haututishi sana Pwani kwa sababu ya unyevu, lakini gusa kitu cha chuma kabla ya kugusa ubao. Haigharimu kitu.

Kifuniko kikikataa kutoka, usikivute kwa nguvu. Mara tisa kati ya kumi kuna skurubu uliyoisahau, pengine chini ya mpira wa mguu wa laptopu. Vibanio vya plastiki vipitishie ile kadi polepole kuzunguka ukingo.

Tiba ya kwanza: usafi

Hii ni karibu bure, na ndiyo inayosahaulika. Shikilia mabawa ya feni kwa kidole yasizunguke, kisha toa vumbi kwa brashi. Ukiiacha feni izunguke kwa kasi ya upepo, unaweza kuharibu mhimili wake. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina mate, na usitumie pampu ya pale wanapoosha magari, kwani hewa yake mara nyingi huja na maji. Tazama upande ambao feni inatolea hewa, kwenye vile visahani vyembamba vya kupoza. Vumbi hujikusanya hapo kama kipande cha blanketi.

Pesti ya joto ni ule utandu wa kijivu kati ya kichakataji na bomba la shaba. Kazi yake ni kujaza nafasi ndogo zisizoonekana ili joto lipite. Baada ya miaka kadhaa hukauka kama chokaa. Legeza skurubu za bomba kwa kufuata namba zilizochongwa kando yake, futa pesti ya zamani kwa kitambaa na spiriti hadi pang'ae, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha rudisha na ukaze kidogo kidogo kwa mpangilio ule ule. Usijaze pesti kama siagi kwenye mkate.

RAM isugue miguu yake taratibu kwa kifutio, upande wa mbele na nyuma, uifute kwa spiriti, uache ikauke. Hapo umemaliza usafi.

Tiba ya pili: diski

Kama una pesa za kununua kitu kimoja tu, nunua SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kisomeo kinachosafiri juu yake, kama sindano ya santuri. Kila faili ikihitajika, kisomeo husafiri kuitafuta, na kila safari huchukua kama milisekunde 10. Windows ikiwaka hufanya maelfu ya safari hizo. SSD haina kinachozunguka. Hulipata jambo lile lile kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana laptopu ya dakika tatu huanza kuwaka kwa sekunde 20 au 30, ingawa kichakataji ni kile kile. Na kwa kuwa haina sindano, haiogopi mtikiso wa matatu na boda.

Jua umbo la nafasi yako kabla ya kununua. Kuna SSD ya inchi 2.5, ya umbo la ile diski ya zamani, inayotumia kiunganishi cha SATA. Kuna ya M.2, nyembamba kama kipande cha chingamu, nayo ni aina mbili: SATA na NVMe. Zinafanana kwa macho lakini si kila mashine hupokea zote. Mwongozo wako utakuambia. T450 hupokea ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7.

GB 256 zinamtosha mwanafunzi. Kuwa macho na bidhaa bandia: SSD ya "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana si SSD. Omba iwashwe dukani na isomwe kwa CrystalDiskInfo kabla hujalipa, au ijaribu nyumbani kwa programu ya H2testw, ambayo huandika na kusoma kila nafasi hadi uongo ujitokeze. Chukua risiti.

Kuhamisha vitu kuna njia mbili. Unaweza kunakili diski nzima kwa programu ya bure ya Clonezilla, ukitumia waya wa kugeuza SATA kuwa USB. Au unaweka Windows upya kwa flashi ya GB 8, kisha unarudisha faili zako. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu huacha nyuma takataka za miaka. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni yake imefungamana na ubao mama, hivyo itajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti. Ile diski ya zamani, ikiwa bado nzima, inunulie kasha la USB, nayo itakuwa ghala lako la nakala za akiba.

Tiba ya tatu: RAM

GB 4 zilitosha zamani. Leo kivinjari chenye kurasa kumi huzimaliza. GB 8 ndizo kiwango cha chini cha kufanya kazi kwa utulivu. GB 16 ni kwa wanaohariri video au picha kubwa.

RAM hazibadilishani hovyo. DDR3 ya laptopu ina miguu 204, DDR4 ina 260, na pengo lake liko mahali tofauti, hivyo haitaingia hata ukiilazimisha. Kuna pia DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Mashine nyingi za kizazi cha nne cha Intel na tano zinataka hiyo yenye L, na ukiweka ya kawaida huenda isiwake. Njia salama ni kuitoa uliyonayo, kuipiga picha lebo, na kwenda nayo dukani. Lebo ya PC3L-12800, kwa mfano, ni DDR3L ya kasi ya 1600.

Bei uliza maduka matatu kabla hujatoa pesa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili unde. RAM iliyotumika haina ubaya, maana haichakai kama betri, ila ijaribu kwa MemTest86+ usiku mmoja. Kama Mombasa hukupata, maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, hutuma kwa basi. Hakikisha mmekubaliana kurudisha ikikataa.

Tiba ya nne: betri

Betri ya lithiamu huhesabu mizunguko. Baada ya mizunguko kati ya 300 na 500 ya kujaa na kuisha, huwa imepoteza sehemu ya uwezo wake, na joto letu huharakisha safari hiyo. Ukinunua mpya, linganisha namba ya kipuri na volti, si umbo pekee. Betri za kopi zipo tele na si zote mbaya, lakini ile nyepesi mno mkononi kuliko ya zamani, iache. Ukishafika nyumbani pima kwa ile amri ya ripoti, na kama ni pungufu irudishe ndani ya siku za dhamana.

Kwa mashine inayokaa kwenye chaja kutwa, programu ya mtengenezaji mara nyingi hukuruhusu kuweka kikomo cha asilimia 80. Kiweke. Betri hudumu zaidi ikiwa haikai imeshiba wakati wote.

Onyo moja lisilo na mzaha: ukiona padi ya kugusia imeinuka, au kifuniko cha chini kimevimba, betri imejaa gesi. Zima, chomoa, usiitoboe, usiikandamize, usilale nayo chumbani. Ikikushinda kuitoa bila kuipinda, mpelekee fundi.

Windows 10 imekwisha, je, laptopu nayo?

Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji binafsi unaofika Oktoba 2026, ambao lazima ujisajili. Windows 11 nayo inataka, pamoja na mengine, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha Intel cha kizazi cha nane kuendelea, au cha AMD cha rika hilo. Mashine nyingi za mtumba tulizonazo ni za kizazi cha nne hadi cha saba. Kwa hesabu ya Microsoft zimestaafu, ingawa vyuma vyake ni vizima.

Njia iliyobaki ni Linux. Linux Mint ni ya bure, inafanana na Windows kwa macho, na hutembea vizuri kwenye GB 4 hadi 8. Huja na LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Firefox imo, hivyo eCitizen, barua pepe na madarasa ya mtandaoni yanaenda kama kawaida. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Ukiipenda, ndipo uiweke. Ikiwa kazi yako inategemea programu moja ya Windows, kwa mfano ya uhasibu, thibitisha kwanza kama ina njia mbadala, kwa sababu hapo ndipo watu hukwama.

Wakati wa kuacha

Si kila laptopu inafaa kuokolewa. Mimi hutumia kanuni ya nusu: vipuri vyote vikizidi nusu ya bei ya mtumba mzima wa rika hilo, naacha. Ikilowa maji ya bahari, chai au soda, izime na uchomoe kila kitu papo hapo, usiijaribu kuwaka, umpelekee fundi mwenye vifaa vya kusafisha ubao siku hiyo hiyo. Mchele hauokoi kitu. Chumvi na sukari hubaki ndani zikila shaba.

Na kwa wanaonunua sasa, uliza swali moja kabla ya bei: "RAM na diski zinabadilika?" MacBook Air zote zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, na laptopu nyingi ndogo za bei rahisi zina diski ya eMMC ya GB 32 au 64 iliyochomelewa vile vile. Hizo hazina ngazi ya kupandia. EliteBook 840, Latitude za biashara au ThinkPad za T za kati ya mwaka 2015 na 2018, nyingi zao zinafunguka na kukubali vipuri.

Stara na taka

Kuna faida ya kujitengenezea ambayo haihesabiki kwa shilingi. Laptopu za nyumbani kwetu zina picha za harusi, za akina mama wasio na buibui, vyeti vya watoto, na mazungumzo ya faragha. Najua akina dada kadhaa ambao laptopu zao zimekaa miaka zikiwa mbovu kwa sababu hawataki kuziacha kwa mtu wasiyemjua. Hofu yao ina msingi, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo. Kama lazima mashine iende kwa fundi, ing'oe diski ubaki nayo. Kwa shida ya kioo, kibodi au chaja, fundi haihitaji.

Mwisho, betri na mbao za umeme zisichomwe wala kutupwa pamoja na maganda ya ndizi. Zina risasi na kemikali zinazoingia ardhini na kwenye visima tunavyonywea. Nchini kuna kituo cha WEEE Centre, Nairobi, kinachopokea taka za kielektroniki, na mafundi wengi wa mtaani huchukua mashine mbovu kwa ajili ya vipuri. Muhimu ni kuifuta diski kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya laptopu mpya, bonyeza zile Ctrl, Shift na Esc, uandike namba tatu unazoziona kwenye karatasi: diski, kumbukumbu, kichakataji. Mtoto wa sekondari anaweza kukusaidia kuzisoma. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, hata ukienda kwa fundi, utaongea naye ukijua unachotafuta.